Kumbukumbu Moja Mbovu

Sura ya Tatu

Inspekta hakuwa polisi, na kituo cha polisi alikikanyaga mara moja tu maishani, siku alipopoteza kitambulisho. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka arobaini na saba mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni na begi la bisibisi. Jina hilo wateja walimpachika kwa sababu ya tabia yake moja: hafungui mashine kabla hajachukua maelezo. Unamwita mtu aje atazame kompyuta, yeye anavuta kiti, anatoa daftari, anakuuliza Jumanne saa nne ulikuwa wapi. Wengine walikereka, lakini mashine zilizomshinda zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo walikereka na bado wakamwita.

Asubuhi hiyo, saa tatu kamili, alikuwa sebuleni kwa mkunga mstaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Na nikwambie mapema, mwizi wangu yumo humu humu ndani."

"Tusimhukumu kwanza. Mashine ina tatizo moja au mawili?"

"Mawili. Inaanguka, na inaibiwa."

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya zamani ya cherehani, ya kizazi kile cha skrini pana na boksi kubwa la kusimama. Mbele yake palikuwa na kiti chenye mto uliobonyea. Kiti cha pili kilikuwa dirishani, na juu yake aliketi mume wa mkunga, mzee mkimya aliyekuwa karani serikalini, gazeti limemfunika hadi paji la uso. Aliitikia salamu bila kulishusha.

"Huyo muulize ukitaka," mkunga alisema, "lakini utapoteza muda. Mimi nikiwasha, yeye anafungua gazeti. Ana moyo wa saruji huyo."

Kisha akatoa maelezo, na Inspekta akaandika.

Walikuwa na binti mmoja tu. Nyumbani alikuwa Kidege, kwa kuwa tangu utoto mdomo wake haukutulia. Miaka minane iliyopita alikwenda mbali kutafuta kazi, na kila alipopata nafasi alijirekodi kwa simu akawatumia wazazi video: ya dakika mbili, ya dakika tano, leo yuko chumbani, kesho yuko kazini anamsema bosi wake kwa kunong'ona. Mkunga alizihifadhi zote kwenye kompyuta. Zilifika arobaini na moja. Ya arobaini na moja ilikuja miaka mitatu na miezi saba iliyopita, na baada ya hapo hapakuja neno. Simu haipatikani. Barua hazijibiwi. Ofisi iliyompeleka ilifungwa, hata kibao cha mlangoni kimeng'olewa.

"Mimi nimezalisha watoto elfu moja mia nne na kitu," mkunga alisema. "Kila mmoja nakwambia nilimkabidhi mikononi mwa nani. Wangu mwenyewe sijui yuko mikononi mwa nani. Nina hizo video tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana natazama moja. Nimemkumbuka mwanangu, fundi. Nimemkumbuka mpaka mbavu zinauma."

Inspekta alisubiri mpaka mama wa watu akajifuta uso kwa upande wa kanga. Hakujifanya hajaona.

"Kuanguka kulianza lini?"

"Mwaka jana mwanzoni. Iko vizuri, unatazama, mara skrini yote bluu, maandishi ya Kizungu, inazima, inajiwasha. Wiki nyingine mara mbili. Wiki nyingine haina habari kabisa, unaisahau."

"Na wizi?"

"Baada ya hapo. Nafungua nakuta arobaini. Nafungua nakuta thelathini na tisa. Leo zimebaki thelathini na mbili."

"Umeweka nakala popote? Kwenye flashi? Kwenye simu?"

"Nakala ya nini, na mwenyewe yumo humu?"

Inspekta aliandika "hakuna nakala" na kupigia mstari mara mbili. "Nani alishika mashine hii kabla yangu?"

"Mwaka jana mwishoni mjomba wake Kidege aliibeba kwenye gari akaipeleka kwa fundi mmoja huko mjini. Ikarudi vilevile. Fundi gani sijui. Ovyo tu."

"Mafundi wa hivyo ndio wanaotuharibia kazi," Inspekta alisema, na alilisema kwa raha kabisa. Sentensi hiyo angekuja kuitafuna baadaye.

Washukiwa wa kwanza walikuwa wawili. Nyumba ya pili alikaa mchomeleaji wa mageti, na mashine yake ikiwaka taa za mtaa mzima zinafifia. Inspekta akachomeka mita kwenye soketi, akamwomba jirani kwa adabu awashe. Taa zikafifia kweli, mshale wa mita ukashuka kidogo, kompyuta haikutikisika. Akauliza siku za kuanguka: Jumapili zilikuwa nyingi, na Jumapili mchomeleaji hafanyi kazi. Huyo akafutwa.

Wa pili alikuwa mjomba, aliyezoea kuja kucheza karata kwenye kompyuta. Mkunga alimtetea kwa ukali kwanza, akaleta ushahidi baadaye: mwezi mzima wa tano ndugu yake alikuwa amelazwa na mguu uliovunjika, na mwezi huo huo zilipotea video mbili. Inspekta naye akamfuta.

Ndipo alipofungua boksi.

Kitu cha kwanza alichotoa ni diski, hata kabla ya kupiga brashi vumbi. Kitu kilichofutwa kwenye diski hakiondoki siku hiyo hiyo. Kinakaa palepale mpaka mashine iandike kitu kingine juu yake, na kila ukiiwasha unaipa nafasi ya kuandika. Akaiunganisha na kompyuta yake ndogo ya begini, akanakili zile thelathini na mbili mara mbili mahali pawili, kisha akaanzisha programu ya kutafuta vilivyofutwa. Hiyo ni kazi ya saa nyingi. Akaiacha iende.

Halafu akainama kutazama RAM, pale mashine inaposhikilia kazi ya wakati huo. Zilikuwa mbili, vibao vyembamba vimesimama sambamba kwenye nafasi zao. Cha kwanza hakikuwa na alama yoyote. Cha pili, kwenye kona ya juu, kilikuwa na nukta ya rangi nyekundu ya kucha.

Inspekta alivaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Nukta ilikuwa palepale.

"Umeona nini?" mkunga akauliza.

"Vumbi," alijibu Inspekta, na sauti yake haikuwa nzuri. "Mama, umesema unazihifadhi. Una orodha?"

Swali gani hilo kumuuliza mkunga! Alileta daftari gumu la mistari, lile lile la kuandikia vizazi wodini, na humo kila video ilikuwa imezaliwa rasmi: tarehe, saa, urefu, hali ya mtoto. "Anakohoa, amevaa sweta." "Amechoka, macho mekundu, anasema hajalia." "Amecheka mpaka simu ikaanguka." Zilizopotea zilipigwa msalaba kwa kalamu nyekundu, na pembeni tarehe ya kugundua.

Kompyuta nayo ina daftari lake ndani ya diski, inajiandikia yenyewe kila ikianguka. Inspekta aliyaweka madaftari mawili pamoja, akaanza kushusha kidole upande huu na upande huu. Tarehe nne imeanguka. Tarehe tano video haipo. Tarehe kumi na tisa imeanguka. Tarehe kumi na tisa jioni video haipo. Kila wizi ulitanguliwa na anguko, na hapakuwa na mara hata moja ambapo mbili zilipotea kwa mpigo.

Mtu mvivu angesema basi, RAM mbovu inakula video. Yeye mwenyewe alilifikiria hilo kwa dakika nzima. Lakini RAM mbovu inapoharibu inaharibu kama panya, inatafuna hapa, inatoboa pale, inaacha makombo. Hapa hapakuwa na kombo. Video ilitolewa nzima, safi, na hata kapu la taka la kompyuta lilimwagwa. Isitoshe, kulikuwa na mpangilio. Kwanza ilipotea ya kukohoa. Halafu ile yenye picha ya giza. Halafu ile ambayo sauti haikusikika vizuri. Mwizi alikuwa anachagua, tena alichagua kama mtu anayeumia.

Alimtazama mzee wa dirishani. Gazeti lake lilikuwa la wiki iliyopita, na tangu saa tatu ukurasa haujageuzwa.

Inspekta alichomeka flashi ya majaribio, akawasha mashine bila diski, programu ikaanza kuandika na kusoma kila chumba cha RAM, kimoja baada ya kingine. Raundi ya kwanza, safi. Raundi ya pili, safi. Mkunga akaanza kukata tamaa, akasema labda imejipoza kwa kuona mgeni. Katikati ya raundi ya tatu, boksi lilipokuwa limepata joto, mistari myekundu ikamwagika kwenye skrini.

"Haya, mama. Huyu hapa wa kwanza."

Alikitoa kile chenye nukta, akasugua meno ya dhahabu ya ukingoni mwa kibao kwa raba ya kufutia penseli, akakirudisha: mistari ileile. Akakiacha nje, akajaribu kingine peke yake: raundi nne, safi. Akakiweka chenye nukta kwenye nafasi ya mwenzake, pengine kosa ni la nafasi: mistari ikarudi. Kwa hiyo nafasi ni nzima, kibao ndicho kibovu.

"Mbona siku nyingine inakaa wiki nzima bila kuanguka?"

"Ubovu uko mwishoni kabisa. Ni shimo lililo mwisho wa shamba, mama. Siku ukilima kidogo hulifikii."

Saa saba zilikuwa zimepita tangu Inspekta afike. Mkunga alikwenda jikoni kuinjika chai. Inspekta alivuta kiti, safari hii akakiweka dirishani.

"Mzee, nina maswali machache."

Gazeti lilishuka polepole. Nyuma yake palikuwa na uso uliotulia sana na macho ambayo hayakutulia.

"Uliza."

"Ulikuwa karani wa wapi?"

"Masjala. Miaka thelathini na mmoja."

"Jalada likiwa bovu masjala, mnafanyaje?"

"Linatolewa."

"Linatupwa kapuni?"

"Hapana. Kapuni mtu anaweza kuliokota akalirudisha. Linachanwa kabisa."

"Na kapu la kompyuta ni nani humu anayelimwaga kila mara?"

Mzee alikunja gazeti mara mbili, akalinyoosha kwa kiganja. "Nilijua tu," alisema. "Ulipoanza kuyaweka madaftari pamoja nilijua. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Niliagizwa."

"Na nani?"

Aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimechakaa mikunjoni. "Kilikuja kimebandikwa kwenye mashine iliporudi kutoka mjini. Hakina sahihi, lakini maelekezo yamekamilika."

Kiliandikwa kwa herufi kubwa za kalamu ya wino: KUMBUKUMBU MOJA MBOVU. ITOLEWE.

"Kwetu masjala," mzee aliendelea, "kumbukumbu ni majalada. Kila barua ina namba yake ya kumbukumbu. Nilikaa na karatasi hii juma zima. Nikajiuliza, humu ndani kumbukumbu ni zipi? Ni zile arobaini na moja za mtoto, hatuna nyingine. Na moja ni mbovu, inaangusha mashine. Isipotolewa, siku moja mashine itakufa nazo zote. Lakini haikuandikwa ni ipi."

"Ukaanza kutafuta."

"Nikaanza kutafuta. Ikianguka natoa moja, nangoja. Mara moja ilitulia siku kumi na saba. Nikasema nimeipata, nikalala usingizi mzuri. Siku ya kumi na nane ikaanguka."

Kutoa kimoja, kungoja, kutoa kingine: hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Inspekta tangu asubuhi. Mzee hakukosea hatua hata moja.

"Tisa," sauti ilisema nyuma yao.

Mkunga alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, na chai ilikuwa imemwagika kwenye visahani.

"Umemtoa mwanangu mara tisa, wewe. Nami nakaa hapa namsingizia ndugu yangu!"

"Mama Kidege..."

"Usiniite! Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali?"

"Ningekukata mkono!"

"Ndiyo maana sikusema."

"Na ile ya kilemba? Hiyo nayo ilikuwa mbovu? Ile mtoto anacheka, kaunguza wali, kajifunga kilemba nilichomshonea mimi? Hata hiyo baba mzima ulipata moyo wa kuifuta?"

Mzee alipojibu hakumtazama mkewe, alitazama kiti chenye mto.

"Ile ndiyo niliyoishuku tangu siku ya kwanza. Kila mashine ikianguka, ukihesabu, mara nyingi ilikuwa inacheza ile, kwa kuwa ndiyo unayoitazama sana. Kwa haki ilitakiwa itoke ya kwanza. Sikuweza. Nikawa naionea huruma, natoa zisizo na hatia. Nane zote nilizitoa ili ile ibaki. Mwezi uliopita nikaona sina namna. Nikaitoa, na keshoye mashine ikaanguka tena."

Mkunga aliweka sinia sakafuni kwa sababu meza ilikuwa mbali. Hakuna aliyenyanyua kikombe.

"Mama," Inspekta alisema, "kabla hujamkata yeye, kata wangu kwanza." Alinyanyua kile kibao chenye nukta nyekundu. "Sisi mafundi hiki tunakiita RAM. Lakini mimi ninajidai, nina msimamo wangu kwamba mteja aandikiwe Kiswahili. Kiswahili chake ni kumbukumbu. Na nukta hii ya rangi ya kucha ni alama yangu, naiweka kwenye kibao ninachokishuku. Mwaka jana mwishoni umeme ulikatika nikiwa katikati ya kazi, mwenye gari ana haraka, nikaandika kikaratasi ili fundi yeyote atakayefuata akitoe. Huu ni mwandiko wangu."

Mkunga alikichukua kikaratasi, akakisoma, akamtazama fundi.

"Wewe," mkunga alisema mwishowe, "ndiye yule ovyo?"

"Ndiye mimi."

"Mwandiko ni mzuri," mzee alisema taratibu, kwa haki. "Na nukta aliweka."

Mkunga aliwatazama wote wawili kama mtu asiyejua aanze kumpiga nani. Halafu akaketi kwenye kiti chake, akauliza swali pekee lililobaki. "Zinarudi, hazirudi?"

Kompyuta ndogo ilikuwa imemaliza kutafuta muda si mrefu. Inspekta alipitia orodha mstari kwa mstari, na hakuthubutu kusema kitu mpaka alipofungua kila moja. Saba zilirudi nzima. Ya kukohoa ilirudi, na mkunga alimpokea binti yake na kikohozi chake kwa mikono miwili usoni. Moja haikuonekana popote. Ya tisa, ya kilemba, ilipatikana nusu: mashine ilipoanguka keshoye iliandika ripoti yake palepale picha ilipokuwa. Sauti ilisalia. Picha haikusalia.

"Ichezeshe," mkunga alisema.

Skrini ilikuwa nyeusi. Kisha sauti ya msichana ikaingia chumbani, karibu, ya kawaida kabisa, anacheka huku anaongea.

"Mama, usiseme kitu! Najua. Nimeunguza. Subiri, subiri nikuoneshe..."

Kukawa na kelele za sufuria. Mkunga aliinamia weusi ule akatafuta, na hapakuwa na cha kuona.

"Anaweka simu dirishani," mzee alisema, ameinuka kitini na kusogea nyuma yao.

Wote wawili wakageuka.

"Inateleza, anaidaka. Sasa ameisimamisha vizuri. Anachukua mwiko, anakwangua chini ya sufuria. Nyuma yake kuna kamba ya nguo, kuna taulo na soksi moja. Sasa anajifuta jasho kwa mgongo wa mkono, hapa, juu ya jicho." Alijigusa juu ya jicho. "Sasa anakutazama wewe."

"Mama, kilemba chako umekiona?" sauti ilisema. "Kazini wote wananiuliza nimekinunua wapi."

"Anageuka upande, akioneshe. Kile cha kijani."

"Cha bluu," mkunga alisema.

"Cha kijani, mama Kidege. Chenye maua."

"Nimekishona mimi kwa mikono yangu, baba wee, bluu!"

"Nimeitazama kila siku nyuma ya gazeti. Ni kijani."

Wakamgeukia Inspekta kwa pamoja, kama vile angekuwa na ushahidi. Hakuwa nao. Alifungua daftari la mkunga kwenye mstari wa video hiyo: tarehe, saa, dakika nne na sekunde kumi, "amecheka, kaunguza wali, kilemba." Rangi haikuandikwa. Nani angeandika rangi ya kitu atakachokitazama kila siku? Mkunga alisoma mstari ule mara tatu, na hasira yote ikamtoka kwa mara moja, maana sasa hata yeye hakuwa na hakika.

Sauti ilikuwa imefika mwisho. "Haya, kwaherini. Baba, najua upo hapo unajificha, nakuona. Kwaheri, baba."

Mzee alifumba macho.

Mkunga aliinuka, akakivuta kile kiti cha dirishani mpaka kikagusana na chake, akampigapiga mumewe begani akae.

"Irudishe mwanzo, fundi," alisema. "Na wewe, baba Kidege, sema tena anafanya nini. Sema kijani. Sitakukatiza."